Trei Yenye Vishimo Thelathini

Trei ya mayai ina vishimo 30. Nimefuga kuku tangu utotoni hapa Usa River, nimebeba trei hizo kwenye daladala kwenda soko la Tengeru kila Jumatano na Jumamosi, na sikuwahi kuvihesabu hata siku moja. Nilivihesabu usiku ule Mama aliporudi kutoka kliniki na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilikaa jikoni na taa, nikaona: sita kwenda, tano kushuka. Mwezi mzima. Nikachukua wembe mpya, kibao cha kukatia nyanya na bahasha ya vidonge, nikaanza kazi ambayo imepita mwaka na bado haijaisha.

Kabla ya trei kulikuwa na picha.

Ilipigwa kwenye sendofu ya mjukuu wake wa kwanza, ukumbini Leganga. Mama kavaa kitenge kipya, kakaa katikati ya wajukuu. Mpiga picha alipoileta nyumbani, Mama aliishika muda mrefu, akaisogeza dirishani penye mwanga, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu aliyekaa kiti changu ni nani?" Tukanyamaza. Uso ulikuwa umejaa na kuwa duara, mashavu yanang'aa, na nyuma ya shingo palikuwa na nundu ambayo hakuzaliwa nayo. Sisi tunaoamkiana naye kila asubuhi hatukuwa tumeona. Picha iliona.

Kilichomfanya vile tulikuwa tunakijua kwa jina tu: prednisoloni. Vidonge vidogo vyeupe vya miligramu 5, viwili kila asubuhi, mwaka wa nne sasa. Vilimjia kwa sababu ya maumivu ya viungo, na maumivu hayo yana hadithi yake, kwa kuwa kwa muda mrefu tuliyalaumu maji.

Anayeishi upande huu wa Mlima Meru ataelewa. Maji yetu mengi yana floraidi nyingi. Watu wa Maji ya Chai na vijiji vinavyopakana utawajua kwa meno yenye rangi ya kahawia. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kazi yake ni kutafuta namna ya kuiondoa floraidi hiyo, na njia mojawapo wanayotumia ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Floraidi ikizidi sana mwilini kwa miaka mingi huumiza mpaka mifupa na viungo. Basi Mama alipoanza kuamka na vidole vimekakamaa, hawezi kufunga kifungo cha blauzi wala kuchuma buni, kila aliyepita uani alisema, "Ni maji yetu haya." Tukanunua maji ya chupa. Tukaenda kuteka kwenye chemchemi nyingine. Ikapita karibu miaka miwili kabla ya vipimo kuonyesha kwamba ni baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuvila viungo vyake yenyewe.

Alipopewa prednisoloni, wiki ya kwanza tulidhani tumeona muujiza. Mwanamke aliyekuwa anashikwa mkono kwenda chooni alikwenda mwenyewe shambani, akarudi na mkungu wa ndizi kichwani. Baadaye nilisoma kwamba mshangao huo uliwapata hata madaktari. Mwaka 1948 huko Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench alimchoma sindano ya kortizoni mgonjwa wa baridi yabisi, mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa hawezi kujigeuza kitandani, na siku chache baadaye mwanamke yule akawa anatembea. Hench alikuwa ameona kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wake wengine hupata nafuu wakati wa mimba, au wakipata umanjano wa ini, akajiuliza mwili unatoa nini wakati huo. Mwaka 1950 yeye, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Prednisoloni, ndugu wa kortizoni mwenye nguvu zaidi, ilikuja katikati ya miaka hiyo ya hamsini. Furaha ilikuwa kubwa, na madaktari wale wale ndio waliokuja kugundua kwamba dawa hii ni rahisi kuingia na ngumu kutoka.

Sisi hilo la kutoka hatukuambiwa, au tuliambiwa tukasahau. Sitaki kumsingizia mtu. Cheti cha kwanza kilikuwa cha mwezi mmoja. Kilipokwisha, Mama hakurudi kliniki kwa sababu alikuwa hana maumivu. Alikwenda duka moja la dawa, akaonyesha bahasha ya zamani iliyoandikwa 2x1, akahesabiwa vidonge vingine. Mwezi uliofuata hivyo hivyo. Prednisoloni ni dawa ya cheti, lakini bahasha ya kaki ikishazoeleka dukani inageuka kuwa cheti. Miaka minne ikapita bila mtu yeyote kumpima presha, sukari wala mifupa.

Picha ilipofika, dada yangu mkubwa alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya sherehe. Ni mtu wa kusoma na ni mtu wa kumpenda mama yake. Alikaa usiku na simu yake, na asubuhi kwenye chai akatusomea yote: inavimbisha uso, inapandisha sukari, inamomonyoa mifupa, inalegeza kinga, inaleta mtoto wa jicho. Yote ni kweli. Hakusoma neno hata moja la uongo. Aliposhusha simu alikuwa analia. "Tunamuua Mama kwa mikono yetu," akasema.

Tukaweka kikao. Alikuwepo mume wangu, kaka yetu wa mwisho, shangazi anayekaa nyumba ya jirani, na Mama mwenyewe. Hakuna aliyepinga. Shangazi alisema kuna majani anayoyajua ya kuchemsha. Mume wangu aliuliza mara moja tu, "Tusimwulize daktari kwanza?" na dada akamjibu kwamba hao hao madaktari ndio waliompa. Mama akasema, "Niacheni nirudi kuwa mimi." Sentensi hiyo ndiyo iliyotumaliza. Nikainuka, nikachukua kopo la vidonge juu ya kabati, nikaenda nalo mpaka choo cha shimo, nikavimimina vyote. Mkono uliomwaga ni wangu.

Niseme hapa kwamba Mama si mtu wa kuacha dawa hovyo. Mwaka 2011, magari yalipokuwa yanapita barabara yetu usiku na mchana yakielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji Ambilikile Masapila, naye alikwenda. Alilala njiani siku tatu, akalipa shilingi 500, akanywa kikombe. Aliporudi, majirani wengine waliotoka huko walikuwa wameweka dawa zao kando. Yeye alimeza kidonge chake cha presha usiku ule ule, kwa sababu baba yetu, marehemu sasa, alimwekea mezani na glasi ya maji bila kusema kitu. Lakini safari hii Baba hakuwepo, na waliokuwepo tulikuwa tunamwambia aache.

Siku ya kwanza hakukuwa na kitu. Ya pili pia, tukaanza kupongezana. Siku ya tatu alisema amechoka, tukasema ni uchovu wa sherehe. Ilikuwa mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka Ngaresero, na baridi ya hapa mwezi huo humfanya hata kijana asitake kutoka kitandani. Siku ya nne viungo vilianza kuuma upya, kwa hasira, kana kwamba vilikuwa vinasubiri mlangoni. Siku ya tano hakula. Nilimpikia mtori akaugusa tu. Nikamletea loshoro, chakula ambacho hajawahi kukikataa maishani mwake, akageuza uso. Jioni akatapika. Akisimama anashika ukuta.

Tulifanya kile ambacho kila nyumba ya hapa ingefanya: tukadhani ni malaria. Kipimo cha kidoleni kikasema hakuna. Katika kituo kimoja tukaambiwa huenda ni taifodi au vidonda vya tumbo, akapewa vidonge vya kumeza ambavyo alivitapika vyote. Hakuna aliyetuuliza alikuwa anatumia dawa gani, nasi hatukusema, kwa kuwa kwa akili yetu dawa alikuwa ameshaiacha. Ndicho kitu kinachoniamsha usiku mpaka leo. Tulikuwa na jibu mdomoni na hatukujua kwamba ni jibu.

Alfajiri ya siku ya saba alianguka kati ya kitanda na mlango. Hakupoteza fahamu kabisa, lakini maneno yake yalikuwa hayaungani na ngozi ilikuwa baridi yenye jasho. Jirani mwenye Noah aliwasha gari akiwa bado na shuka begani. Tulifika hospitali presha yake ikiwa 80 kwa 50, na sukari imeshuka.

Daktari aliyempokea alikuwa binti mdogo, pengine rika la mwanangu wa kwanza. Alimwangalia Mama usoni, akamwinua taratibu akaangalia shingo, akainua mikono na kutazama michubuko ya zambarau kwenye ngozi iliyokuwa nyembamba kama karatasi ya vitumbua. Kisha akatugeukia. "Mama huyu amekuwa akitumia prednisoloni. Ameacha lini?"

Dada yangu akakaa chini, sakafuni pale pale.

Walimchoma haidrokotizoni miligramu 100 kwenye mshipa, wakamtundikia dripu ya maji ya chumvi na glukosi. Nilikuwa nimekaa pembeni nikihesabu matone. Saa nne asubuhi aliniita kwa jina. Jioni aliuliza kama kuna mtu aliyewapa kuku maji.

Yule daktari alirudi zamu yake ilipokwisha, akavuta kiti, akatueleza. Juu ya kila figo, alisema, kuna tezi ndogo iliyokaa kama kofia. Inatengeneza kortizoli, homoni inayoshikilia presha, sukari na nguvu ya mwili kupambana na shida. Ubongo ndio unaoituma: kortizoli ikipungua kwenye damu, agizo linashuka kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ikitosha, agizo linasimama. Prednisoloni ni mfano wa homoni hiyo hiyo. Mtu akiimeza kila siku kwa zaidi ya wiki tatu au nne, ubongo unaona damu ina ya kutosha, unaacha kutuma. Tezi isiyotumwa inalala, na ikilala miaka inasinyaa. Mwili wa mtu mzima hutengeneza kwa siku kiasi kinacholingana na kama miligramu 5 za prednisoloni. Mama alikuwa anapewa 10 kutoka nje, na ndani yake tezi zilikuwa hazifanyi lolote. "Siku mliyoacha," akasema, "hakubaki na za nje wala za ndani."

Mama alikuwa anasikiliza macho yamefumba. Akasema, "Ni kama mfereji."

Daktari hakuwa mtu wa huku, ikabidi Mama amweleze. Watu wa Meru tumelima kwa mifereji tangu enzi za mababu; maji yanatoka mtoni juu, yanapita shamba kwa shamba, na kila nyumba ina zamu yake. Mfereji unaotumika unajisafisha wenyewe. Lakini mtu akivuta bomba shambani kwake na kuuacha mfereji miaka minne, tope linajaa, nyasi zinaota ndani, kingo zinabomoka. Sasa siku moja mje mkate bomba. Maji mtoni yapo, na zamu yako ipo, lakini njia imeziba na mahindi yanakauka yakiwa na mto juu yake. "Inatakiwa," akasema Mama, "kufunga bomba kidogo, huku mnazibua mfereji kidogo." Daktari alimtazama kwa muda, akasema hajawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo. Tangu siku ile, kila mgeni aliyekuja kumwona alielezwa habari ya mfereji, na mimi sijapata maneno mengine yaliyo bora.

Akarudishwa kwenye vidonge viwili. Hilo lilimuumiza dada kuliko mtu yeyote. Aliona kama tumerudi nyuma. Kumbe kulikuwa na kazi ya kufanya kabla ya kushuka. Bingwa wa viungo tuliyepelekwa kwake alisema huwezi kumwondolea mtu kinachozuia moto bila kuzima moto wenyewe. Alimwanzishia methotreksati, dawa inayotuliza baridi yabisi polepole na kumruhusu mtu kuachana na prednisoloni. Hiyo humezwa mara moja kwa wiki, na akasisitiza mara tatu: kwa wiki, si kwa siku, kwani kuimeza kila siku kunaweza kuua. Tukachagua Jumapili kabla ya ibada, tukaifungia kwenye kopo lake mbali na dawa nyingine zote, ikiambatana na vidonge vya asidi ya foliki na kupimwa damu na ini kila baada ya muda. Miezi mitatu ilipita hivyo. Ndipo ikaja ile karatasi.

Kwenye karatasi mpango ulionekana mwepesi. Kutoka 10 kwenda 7.5, wiki nne. Kwenda 5, wiki nne. Kuanzia hapo, taratibu zaidi, na kila hatua baada ya kupimwa. Nilimuuliza bingwa kwa nini mwisho ndio polepole wakati kinachobaki ni kidogo. Akanijibu kwa hesabu. Anayeshuka kutoka 40 kwenda 35 amepunguza sehemu moja ya nane. Anayeshuka kutoka 5 kwenda 2.5 amepunguza nusu nzima, na tena yuko chini ya kile mwili unachohitaji, kwa hiyo kila kinachopungua lazima tezi yenyewe ikijaze. Kuna nchi ambako vipo vidonge vya miligramu 1, mtu anashuka kimoja kimoja kwa mwezi. Madukani kwetu nilivyovipata ni vya 5 tu. Kwa hiyo ngazi zetu ni za kukatwa kwa wembe.

Nusu ya kidonge si jambo dogo. Kisu cha jikoni kilivisaga. Wembe wa zamani ulivirusha, na nusu moja ikaruka chini ya jiko, jogoo aliyekuwa ndani kukimbia mvua akaidonoa kabla sijainama. Nilimfungia yule jogoo siku mbili nikimwangalia kwa wasiwasi, hakupata kitu. Mwisho nilijifunza: wembe mpya, kidonge kiwekwe mfereji wake juu, maana hata kidonge kina mstari katikati, ubonyeze mara moja bila kusukasuka. Nikakata vya mwezi mzima na kuvipanga kwenye trei, kimoja na nusu kila kishimo. Mama alimeza asubuhi saa moja baada ya uji, kwa kuwa mwili wenyewe hutoa kortizoli kwa wingi asubuhi. Ukimeza usiku unaibia tezi muda wake wa kuamka. Mjukuu wa miaka tisa alipewa kazi ya kuandika tarehe kwa kalamu ya wino kando ya kila kishimo, na akaifanya kwa uaminifu kuliko tulivyoifanya sisi watu wazima.

Jumatano moja shangazi alikuja mapema kuchukua mayai yake ya Tengeru. Trei zilikuwa tatu mezani, yetu ikiwa imefunikwa na nyingine juu ili vumbi lisiingie. Akazibeba zote. Mama alipoamka na kutafuta dawa, meza ilikuwa tupu. Kidonge cha akiba hatukuwa nacho. Vyote nilikuwa nimevikata na kuvipanga, na duka halikuwa limefunguliwa. Saa moja ikapita, saa mbili zikaingia, na mimi nimekwishaiona sakafu ile kati ya kitanda na mlango. Mume wangu alipanda bodaboda mpaka Tengeru, akapita kwa wauza mayai mmoja baada ya mwingine, akamkuta shangazi amekaa amekumbatia trei yetu mapajani. Alikuwa ameifunua, ameona, amekataa kuuza kitu chochote mpaka mtu aje. Hakuwa na simu siku hiyo. Saa tatu na nusu Mama alimeza. Kuchelewa saa mbili na nusu hakukumdhuru, daktari alisema baadaye, na tungeweza kutulia. Lakini tangu hapo vidonge kumi vizima vinakaa kwenye kopo la pili chumbani kwake, na vitatu viko kwenye pindo la khanga yake, vimefungwa kwa fundo, pamoja na kikaratasi chenye maandishi ya mjukuu: jina lake, namba zetu, na maneno NATUMIA PREDNISOLONI, NIKIANGUKA NICHOMWE HAIDROKOTIZONI. Alikwenda na fundo hilo kwenye msiba Nkoaranga, akalala matanga siku nne, akarudi salama.

Kila tulipopunguza, wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Mwili mzima unauma, hana hamu, anakaa kimya juani. Ilitubidi tujifunze kutofautisha, na hili hakuna karatasi inayoweza kulifundisha. Kama ni kiungo kilekile, kimevimba, cha moto, na asubuhi kinakakamaa zaidi ya saa, basi huo ni ugonjwa unarudi. Kama ni uchovu wa jumla na maumivu yanayozungukazunguka bila uvimbe, na yanapungua siku baada ya siku, huo ni mwili unazoea. Na kama ni kutapika, kizunguzungu akisimama, tumbo kuuma, hapo hatukai nyumbani kubashiri. Niliandika daftari. Dada yangu anapiga simu kutoka Dar kila jioni saa mbili, nami namsomea daftari neno kwa neno, na kwa miezi ya kwanza alikuwa analia kabla sijamaliza.

Alipofika kidonge kimoja kwa siku, akapata kichomi. Homa kali, kifua kinauma. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tulikuwa tumeambiwa mapema, na kuandikiwa, kwamba mwili wenye tezi inayoamka hauwezi kujiongezea wenyewe wakati wa shida kama mwili mwingine. Mtu mzima akiumwa, tezi zake humwaga kortizoli mara kadhaa zaidi bila kuulizwa. Za Mama zisingeweza. Kwa hiyo siku za homa dozi huongezwa maradufu kisha hurudishwa, na akitapika sindano haisubiri. Safari hii tulisema mlangoni, kabla hata ya salamu kumalizika: anatumia prednisoloni, yuko kwenye kupunguza, tangu mwaka fulani. Nesi aliandika kwa kalamu nyekundu juu kabisa ya faili. Alilazwa siku tano. Ngazi moja tuliyokuwa tumeshuka tukaipanda tena, na mara hii hakuna aliyelalamika.

Habari zikienea kijijini watu huanza kuja. Alikuja baba mmoja ambaye kijana wake ana kifafa na miaka miwili hajaanguka. Alitaka kumwachisha fenobabitoni. Alikuja mwalimu mstaafu aliyekuwa amechoka na propranololi ya moyo. Mimi si mganga na niliwaambia hivyo. Lakini niliwaeleza jinsi Mama alivyokuwa na baridi ya jasho alfajiri ile, na nikamwomba kila mmoja aende aseme kwa daktari wake maneno haya: nataka kupunguza, nionyeshe ngazi. Kutaka kuacha si kosa. Mama alikuwa na haki ya kutaka uso wake.

Uso unarudi. Si kama kwenye picha ya harusi yake, lakini mashavu yameshuka, na nundu ya shingo imepungua kiasi kwamba blauzi za zamani zinamwingia. Mfupa wa nyonga umepimwa na ni mwepesi kuliko inavyotakiwa. Anatumia kalisi, na mjukuu anashika mkono wake wakivuka barabara kuu ya Moshi, ambako malori hayamsubiri mtu.

Sasa tuko kwenye nusu, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Daktari anataka apimwe kortizoli ya asubuhi kabla ya kuamua lolote lingine, na akasema kama tezi hazijaamka vya kutosha, Mama atabaki na nusu yake hata miaka, na hilo pia ni sawa. Trei ya mwezi huu ina vishimo 15 vyenye vipande vyeupe na 15 vitupu. Jana usiku nilikuwa nazima taa ya jikoni aliponiita kutoka chumbani.

"Kesho ni siku ya bomba au ya mfereji?"

Nikarudi mezani, nikainamisha taa juu ya tarehe.

"Ya mfereji, Mama."

"Haya," akasema. "Niamshe mapema basi, nikaone kama yanapita."

Nikamsikia anajifunika blanketi.